Shajara ya kipima-maji, Sahare: likizo ya wiki kumi

Jumatatu, 21 Julai 2025

Tumeshuka Tanga jana usiku, leo kazi imeanza. Tuko watatu, wote tumemaliza mwaka wa tatu. Humu tutaitana kwa idara: Umeme, Mitambo, na mimi Kompyuta. Tumepanga Chumbageni kwa mama mmoja ambaye kabla hatujatua mizigo alishauliza kama tunakula bada, ugali wa muhogo. Tunakula.

Kazi yenyewe ni kutengeneza chombo cha bei ndogo, kikae ufukweni Sahare, kiandike maji yanavyojaa na kupwa. Dokta anayetusimamia alisoma Marekani. Huko kuna mpango wa NSF, mfuko wa serikali wa sayansi, unaoitwa REU, upo tangu 1987, unaowalipia wanafunzi wa shahada ya kwanza kukaa likizo nzima na watafiti, na swali la kwao wenyewe mkononi. Anataka tuonje kitu cha namna hiyo badala ya PT nyingine, yaani mafunzo kwa vitendo. PT tunaijua: unasimama nyuma ya fundi kutwa, jioni unajaza logibuku "nimejifunza kufunga mota", na anayesaini hasomi. Hapa hakuna wa kusaini. Sharti la Dokta ni moja tu, kinachoharibika kiandikwe siku hiyohiyo.

Alhamisi, 24 Julai

Viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wametukubalia. Wametuonyesha nguzo ya zege iliyobaki peke yake majini, haifungwi mashua, na wametukabidhi kwa mzee mmoja mwenye ngalawa ambaye banda lake linaitazama nguzo hiyo.

Tumemwamkia, akaitikia, akatuuliza tumekuja na nini. Nikamwambia, mzee, tutafunga sensa pale juu ya nguzo. Akasema, "Sensa tena? Si tumehesabiwa juzi tu?" Alimaanisha ile ya Agosti 2022. Tumecheka mpaka basi, na kuanzia leo kile kitu kinaitwa kihisi.

Kisha akauliza, "Haya, leo mwezi ngapi?"

"Wa saba, mzee."

"Siulizi mwezi wa serikali. Mwezi ngapi?"

Kimya. Watu watatu wa chuo, tumekuja kupima maji ya bahari, na hakuna aliyejua. Akajijibu mwenyewe: ishirini na nane, mwezi umekufa, bamvua hiyo inaingia, maji yatajaa sana na kupwa sana. Akaelekeza kidevu baharini kana kwamba imeandikwa pale.

Jumapili, 3 Agosti

Siku ya aibu. Tuliamka na vifaa vyote, bomba la PVC la inchi nne limekatwa vipande vitatu ili lipakiwe kwenye baiskeli mbili za kukodi (mji huu ni wa baiskeli, gharama yake ndogo kuliko bajaji). Kusudi la bomba ni kutuliza mawimbi. Unalisimamisha majini, chini umeliziba na kuacha tundu la kama sehemu moja ya kumi ya upana wake, kwetu sentimita moja. Wimbi linapita haraka, tundu ni dogo, kwa hiyo maji ya ndani hayapandi na kushuka na kila wimbi. Yanafuata kupwa na kujaa tu. Kihisi kinakaa juu ya bomba kikitazama chini.

Sasa, tundu lazima liwe chini ya kiwango cha chini kabisa cha maji. Tukasubiri yapwe. Saa moja, saa mbili. Maji yakashuka mpaka kiunoni kwa Mitambo, yakasimama, yakaanza kurudi.

Mzee alikuwa anashona wavu muda wote huo. Tulipotoka tumelowa akasema bila kuinua macho, "Leo mwezi tisa. Maji mafu. Nani kawaambia yatatoka?"

Hakuna aliyetuambia. Dokta angeweza kutuambia, almanaki ingeweza kutuambia, na mzee mwenyewe tungemuuliza angetuambia. Tumerudi na bomba.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Saa tano na ushei asubuhi nguzo ilikuwa imebaki kwenye maji ya kifundoni, unaizunguka kwa miguu. Dakika arobaini zimetosha: vipande vitatu vimeungwa, vimefungwa na mikanda ya chuma, kihisi kiko juu ndani ya kopo la plastiki. Ni HC-SR04, kile chenye macho mawili ambacho kila mwanafunzi wa umeme amewahi kukigusa. Jicho moja linapiga mlio wa kilohezi 40 usiosikika, la pili linasikiliza mwangwi. Unachukua muda wa kwenda na kurudi, unazidisha kwa kasi ya sauti, unagawa kwa mbili, umepata umbali. Tumepaka pia kijiti cha kupimia kwenye nguzo, mistari ya sentimita tano tano, ili kijana wa mzee asome kwa macho na kuandika daftarini.

Programu inapima kila baada ya dakika kumi, mara tisa kwa mpigo, inaandika wastani kwenye kadi ya kumbukumbu.

Jumatano, 13 Agosti

Grafu inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nimebadilisha programu iandike vipimo vyote tisa badala ya wastani peke yake. Hiki ni kimojawapo, kwa sentimita:

212, 213, 211, 212, 98, 213, 214, 212, 97

Wastani wake ni 187. Hakuna maji kwenye 187. Hakuna kitu chochote kwenye 187! Namba saba zinasema kitu kimoja, mbili zimeona kitu kingine, na wastani umechukua uongo wa wawili ukaugawia wote tisa. Ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua ya katikati unapata 212. Nimebadilisha mistari minne ya programu, grafu imetulia.

Lakini hizo 98 ni nini? Mitambo hakusema neno, alichukua futi akapima kutoka kihisi kwenda chini. Sentimita 98 ndiyo maungio ya kipande cha kwanza na cha pili. Tulilikata bomba ili liingie kwenye baiskeli, mwangwi unagonga ukingo wa ndani wa maungio na kurudi. Namba ya katikati inaficha tu ugonjwa: siku ukingo utakaposhinda mara tano kati ya tisa, tutaandika 98 mchana kutwa na kuamini.

Jumatatu, 18 Agosti

Kihisi kimekufa. Kimeishi wiki moja. Umeme amefungua kopo, tumekitazama kwa mwanga wa simu: miguu minne ya bodi imeota unga wa kijani, na mguu wa tatu umeliwa hadi umebaki kama uzi. Chumvi haihitaji maji ya kumwagika. Upepo wa kusi unatosha, unaingia na unyevu kwenye tundu la kebo. Mama mwenye nyumba alipoona maiti yake mezani alisema, "Waja leo waondoka leo," msemo wa mji wenyewe.

Tumeagiza Kariakoo kihisi cha aina ya JSN-SR04T, kile ambacho jicho lake ni moja, limezibwa kwa mpira, sawa na vile vya kwenye bampa ya gari vinavyolia unaporudi nyuma. Bodi yake inakaa mbali na jicho, kwa hiyo bodi tutaifungia kwenye boksi lililojazwa silikoni. Kasoro yake: karibu zaidi ya sentimita 25 hakioni. Kwa hiyo kitainuliwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Bamvua ya mwandamo. Safari hii hatukusubiri kuambiwa, tumeipangia tarehe tangu wiki iliyopita.

Bomba zima la mita sita, bila maungio, kutoka dukani Ngamiani hadi Sahare kwa mkokoteni. Mwenye mkokoteni alitangulia, mimi nilishika mkia wa bomba nyuma nikiwa na kitambaa chekundu, na kila kona ya Ngamiani ilikuwa mkutano wa hadhara. Mita sita hazikati kona. Kuna mahali tulilipitisha bomba juu ya meza ya muuza machungwa, na yeye akilishika katikati kutusaidia huku akihudumia mteja.

Saa tano asubuhi lilikuwa limesimama. Jioni grafu ya kwanza: namba tisa, zote zinapishana sentimita moja. Hakuna 98.

Ijumaa, 29 Agosti

Hili la leo nimeombwa na wenzangu niliandike mwenyewe.

Usiku nililinganisha vipimo vya chombo na daftari la kijana wa mzee. Uwiano ukatoka hasi 0.97. Maana yake, kila chombo kikisema maji yamejaa, daftari linasema yamepwa, na linasema hivyo kwa uhakika wa hali ya juu. Nikaanza kutafuta. Labda nimegeuza alama ya kutoa: umbali ukiongezeka maji yanapungua, ni rahisi kukosea hapo. Hapana. Labda waya. Labda kijana anasoma kijiti kutoka juu kuja chini. Saa nane usiku nilikuwa nimemwandikia Umeme ujumbe mrefu wa kumlaumu.

Asubuhi Mitambo, akiwa na chapati mkononi, alitazama skrini kwa nusu dakika. "Hii saa 5:40 ni ya nani?"

Ya kijana. Tarehe 26, saa 5:40, maji nusu mita. Yeye ameandika saa tano na dakika arobaini, kama tunavyoongea sote, asubuhi, jua limeshapanda. Mimi nimeingiza 05:40. Chombo kinasema 05:40 ya siku hiyo maji yalikuwa juu kabisa, na ni kweli yalikuwa juu kabisa. Saa sita baadaye, 11:40, yalikuwa nusu mita, na kijana alikuwepo. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta zinapishana sita. Kama tofauti ingekuwa tatu au nne ningeona takataka na kushtuka mapema, lakini sita imepindua bahari kichwa chini kwa usafi kabisa.

Nimeongeza sita, uwiano ukawa chanya. Ujumbe wa Umeme nimeufuta, alikuwa ameshausoma.

Jumatatu, 1 Septemba

Baada ya saa kunyooka, kosa dogo limeonekana ambalo lile kubwa lilikuwa limelifunika. Maji ya chini ya usiku, chombo na kijiti vinakubaliana. Maji ya chini ya mchana, chombo kinasema maji yako juu kuliko kijiti kwa sentimita saba, nane.

Umeme ndiye aliyeligundua hili. Kasi ya sauti hewani si namba moja: ni 331.3 kujumlisha 0.606 mara joto la sentigredi. Usiku ndani ya bomba nyuzi 24, sauti inakwenda mita 345.8 kwa sekunde. Mchana bomba la kijivu limepigwa jua, ndani nyuzi 36, inakwenda 353.1. Mwangwi unarudi mapema, programu inadhani maji yamesogea. Asilimia mbili tu, ila asilimia mbili ya mita nne ni sentimita nane. Na bamvua ya huku maji ya chini ya mchana yanaangukia saa nne, tano asubuhi na kuendelea, wakati safu ya hewa ni ndefu kuliko zote na bomba limeshachemka. Mambo mawili yamekutana wakati mmoja.

Dawa: kipimajoto cha DS18B20 ndani ya bomba, programu ikokotoe kasi kila kipimo. Na kopo la rangi nyeupe. Mitambo anasema angeanza na rangi.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi, maduka mengi yamefungwa. Afadhali, hatukuwa na hela.

Juzi kamba ya mashua ilinasa waya wa paneli ya sola, tumepoteza siku mbili za vipimo. Nilidhani si neno, tungeziba pengo kwa kukadiria. Dokta kwa simu amekataa, na sababu yake nimeielewa vizuri nilipochora. Kuna wimbi la mwezi linalorudi kila saa 12.42, na wimbi la jua linalorudi kila saa 12 kamili. Yanakimbizana. Yakienda pamoja ni bamvua, yakipingana ni maji mafu. Yanachukua siku 14.77 kukutana tena, na kama vipimo vyako ni vifupi kuliko hapo, hesabu haiwezi kujua lipi ni la mwezi na lipi la jua. Kwa hiyo siku kumi na tano, mfululizo. Tunaanza upya kesho adhuhuri. Kamba za mashua zimeonyeshwa njia nyingine.

Jumapili, 7 Septemba

Kupatwa kwa mwezi. Tulikuwa ufukweni tangu magharibi. Mwezi kumi na nne, umetoka mzima, mkubwa, kisha ukaanza kuliwa pembeni. Saa mbili na nusu usiku ulikuwa umefunikwa wote, rangi ya tofali la kuchoma, na nyota ambazo hazikuwepo zikajitokeza juu ya bahari. Msikitini waliswali swala ya kupatwa, tukaisikia spika kutoka mbali.

Mzee alirudi kutoka kuswali, akakaa nasi mchangani. Maji yalikuwa yanapwa kwa kasi, bamvua, nguzo inazidi kuwa ndefu. Umeme akamweleza kwamba jua, dunia na mwezi vimepangana mstari mmoja leo, ndiyo maana kivuli cha dunia kimeangukia mwezi, na mstari huohuo ndio unaoyavuta maji haya. Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Basi kila bamvua vimepanga mstari."

Karibu kila bamvua, ndiyo. Leo tu mstari umenyooka zaidi ya kawaida.

Saa nne kasoro ukingo mweupe ukarudi. Nikaangalia boksi: taa ya kijani inapepesa, kila dakika kumi. Hakuna kilichokosekana.

Jumapili, 14 Septemba

Maji mafu. Chombo kinafanya kazi. Makombe madogo yameanza kung'ang'ania tundu la chini, Mitambo amepiga mbizi na bisbisi kuyabandua.

Jumapili, 21 Septemba

Adhuhuri imefika. Siku 15, vipimo 2,160, vinne tu vimekosekana, na hivyo tunavijua: ni wakati wa kubadilisha kadi.

Hesabu imekwenda jioni moja. Mawimbi manne: la saa 12.42, la 12, la 23.93 na la 25.82, kila moja na ukubwa wake na wakati wake, pamoja na kina cha wastani. Namba tisa za kutafuta, NumPy, programu ya hesabu, imezitafuta kabla sijanywa chai. Mstari wa hesabu umepita juu ya nukta za vipimo mpaka Umeme akauliza kama nimechora kitu kilekile mara mbili.

Nikauongeza mstari mbele siku nne, kuingia bamvua ya mwandamo, nikampelekea mzee karatasi. Alifuata mstari kwa kidole, kilima kwa kilima. Akafika tarehe 23 akatikisa kichwa. "Hapa mmezidisha. Hii haitoki kama ile ya mwezi kupatwa. Hii ndogo."

Kwa nini? Hakusema. Alisema ndogo.

Jumatano, 24 Septemba

Jana maji ya chini ya asubuhi: tulitabiri, kisha tukaenda kusimama pale. Maji hayakufika chini tulikotabiri, yamebakiza sentimita 17. Ya juu ya jioni nayo hayakufika juu tulikotabiri. Leo hivyohivyo. Saa zake ziko sawa, dakika chache huku na huku, ila ukubwa wake umepungua. Ndogo, kama alivyosema.

Dokta hakushangaa hata kidogo, jambo ambalo limeniudhi kidogo. Mwezi hauzunguki dunia kwa umbali mmoja. Tarehe 10 ulikuwa karibu, tarehe 26 utakuwa mbali, na bamvua yetu ya kwanza iliangukia karibu, hii inaangukia mbali. Kuna wimbi la tano, la saa 12.66, linalobeba tofauti hiyo. Kulitenga na lile la 12.42 kunahitaji siku 27.55. Sisi tuna kumi na tano. Kwa kukosa mahali pake, hesabu imelisukumia kwenye wimbi la jua, jua likaonekana lina nguvu kuliko lilivyo. Mstari ulipita vizuri juu ya nukta zote na bado ulikuwa na kosa ndani yake, na hakuna namna ningeliona kwa kukodolea macho nukta hizohizo.

Ijumaa, 26 Septemba

Basi letu ni saa nane mchana. Kutoka tarehe 6 Septemba, siku 28 zinatimia Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba, na sisi tutakuwa chuoni tunajisajili. Tumekubaliana chombo kibaki. Kijana wa mzee amefundishwa kutoa kadi, kuweka nyingine, na kutazama taa ya kijani. Daftari nimemchorea upya, safu ya saa nimeipa mistari miwili, moja "saa zetu" na nyingine "saa ya kompyuta", nikamsihi ajaze ya kwanza tu.

Mzee alilichukua daftari, akalitazama juu hadi chini, akasema limepungukiwa. Akaomba kalamu. Kando ya tarehe amechora mstari kwa kipande cha ubao, hadi mwisho wa ukurasa, juu yake akaandika MWEZI, na kwenye mstari wa leo, 3.